Ngurumo za Siku za Kazi

Watu wananiuliza, "Profesa, katika vitu vyote vya kuhesabu duniani, kwa nini ngurumo?" Wananiuliza kwa ile sauti ya kumhurumia mtu aliyepotea njia. Wenzangu niliosoma nao takwimu walikwenda benki, walikwenda bima, na leo wana vitambi na magari yanayojifunga yenyewe. Mimi nimekula mshahara wa mawingu tangu ujana hadi juzi nilipostaafu. Sijuti, na atakayenionea huruma nitamtoa sebuleni kwangu hata chai hajamaliza. Siku zote nilikuwa nawajibu kwa mkato, "Kwa sababu ya baba yangu," nao wanadhani ni adabu tu. Leo nitajibu yote. Ofisi nimeshaikabidhi, na mdomo ni wangu.

Baba alikuwa mpimaji wa hali ya hewa. Kituo chake kilikuwa kidogo, juu ya kilima cha majani mafupi, na nyumba yetu ilikuwa ndani ya uzio uleule: nyumba ya serikali, vyumba vitatu na jiko la nje. Ukitoka mlangoni unakutana na kibanda cheupe chenye miguu mirefu, na ndani yake vipimajoto vimelala kama watoto wachanga. Pembeni kuna kipimamvua cha shaba. Juu ya mlingoti vile vikombe vya upepo vinazunguka mchana kutwa. Baba alikipaka kibanda kile rangi nyeupe kila mwaka kwa mikono yake mwenyewe, na mtoto aliyekigusa kabla hakijakauka alijua siku hiyo ameyatafuta. Mpaka leo nikinusa rangi mbichi moyo wangu unarudi pale kilimani na unagoma kuondoka.

Aliniita Desimali, kwa sababu nilizaliwa kadogo mno, sikufika mtoto mzima, alivyokuwa akisema. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi chini ya kilima, na kila mtu alimwita Mwalimu, baba naye hivyohivyo. "Mwalimu, chai inapoa." "Mwalimu, Desimali hajaoga." Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina alilopewa na bibi.

Baba alinifundisha kusoma kipimajoto kabla sijajua kusoma jina langu. Alininyanyua mpaka jicho langu likawa sawa na ncha ya zebaki, akaniambia, "Usisome unachotaka. Soma kilichopo." Nikikisia, alinishusha chini bila neno, nami nikajua nimechemsha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wageni walimwona mkali, maana ungeweza kumwamkia akapita kama hakukuona. Mama alikuwa akicheka na kuwaambia, "Msimjali. Mwanamume aliyeoa husikia anachotaka." Tukacheka wote, mimi wa kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pakikupita na mengine yote yatakupita. Katika kazi ya baba kuna kitu kinaitwa siku ya ngurumo. Ni siku ambayo mpimaji, akiwa kituoni kwake, amesikia ngurumo, hata moja, hata ya mbali. Umeme ukimulika bila sauti, hauhesabiwi. Na kwa wakati ule hapakuwa na mashine ya kazi hiyo. Chombo kilikuwa sikio la mtu. Akisikia, anaandika saa na upande ilikotokea. Asiposikia, basi kwa elimu ya dunia nzima mbingu siku hiyo zilikaa kimya.

Nilikua, nikaenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu. Idara yetu ya takwimu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maabara ya kemia, kwa hiyo nadharia yote ya uwezekano nimeijua ikinuka mayai yaliyooza. Tulikuwa na mashine za kukokotolea zenye mkono wa kuzungusha, ukishinda nazo kutwa bega linavimba. Kompyuta ya chuo ilikuwa moja tu, imejaa chumba kizima, na ilikuwa na kiyoyozi chake wakati sisi binadamu tunavuja jasho. Unaipelekea kadi zako zilizotobolewa, unarudi keshokutwa kuambiwa umekosea koma. Jamani, siku zile! Vijana wangu wa juzijuzi walikuwa wanalalamika mtandao ukikwama dakika moja, na mimi nilikuwa nawatazama tu.

Msimamizi wangu tulimpa jina la Wastani. Ukimwuliza, "Hujambo, mwalimu?" anakujibu, "Kwa wastani, sijambo." Ukimwuliza kama mvua itanyesha, kwa wastani itanyesha. Lakini kichwani mwake kulikuwa na shule tatu, na alinipenda kama mtu anavyompenda mbishi anayemfanya asilale mapema. Ndiye aliyenipa kazi ya ngurumo. Alipata kumbukumbu za vituo vyote, akaniambia nitafute kama ngurumo zinaongezeka au zinapungua.

Kituo kilichokuwa na kumbukumbu ndefu kuliko vyote, zisizokatika, za mpimaji mmoja tangu mwanzo, kilikuwa cha baba yangu. Nilijivunia mpaka nikawa kero. Vituo vingine vilikuwa na mapengo: huyu kahamishwa, yule kaugua, huku karatasi zimeliwa na mchwa. Cha baba kilisimama chenyewe kama nguzo, na kazi yangu yote ikaegemea hapo.

Nikachora mstari. Ngurumo zilikuwa zinapungua, tena si kidogo. Nikatenga za mchana na za usiku, na hapo ndipo Wastani aliporuka kwenye kiti: za usiku zilikuwa palepale miaka yote, ila za mchana zilikuwa zinashuka mwaka hadi mwaka. "Misitu!" akapaza sauti. "Wamekata miti kukizunguka kilima. Ardhi imekauka, mawingu ya alasiri hayajengeki tena!" Nikamwamini. Nanyi mngemwamini. Ilikuwa nadharia nzuri, imeoga na kupakwa mafuta. Akawaandikia wenzake, akapanga siku ya utetezi wa tasnifu, akaniambia kuna nafasi ya kufundisha idarani inanisubiri nikifaulu. Mimi nikafunga karatasi zangu nikaenda nyumbani kumalizia kuandika. Likizo yetu ya chuo haikuwa sawa na ya shule, kwa hiyo mama alikuwa kazini kila siku, na mchana tulibaki mimi na baba.

Ilikuwa alasiri, katikati ya juma. Nimetandaza karatasi za grafu kwenye meza ya chakula, baba yuko nje anakata majani kuzunguka kipimamvua kwa fyekeo. Ikanguruma nyuma ya kilima. Ndefu, nzito, vioo vya dirisha vikatetema. Nikainua kichwa nikiwa na furaha ya mtafiti anayeona takwimu inazaliwa mbele ya macho yake. Baba akaendelea kukata majani. Ikanguruma ya pili. Kuku wakakimbilia jikoni. Baba akajifuta jasho, akainama, akaendelea. Nikasema moyoni, anamalizia kazi kwanza, huyo ndiye baba.

Saa ya vipimo ilipofika akasoma kila chombo, akaingia ndani, akaandika, akaketi. Nikachungulia. Mahali pa ngurumo ameweka kistari cha hakuna.

"Baba, na zile ngurumo?"

Alikuwa anatazama kikombe chake. Nikarudia kwa sauti. Akainua uso, akanitazama mdomoni.

"Ngurumo zipi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. "Aa," akasema, "nilikuwa na fyekeo. Lina kelele lile."

Fyekeo la mkono! Lina kelele gani, fyekeo la mkono? Lakini kwetu baba hahojiwi kama mshtakiwa. Nikarudi kwenye grafu zangu, ila lile jambo halikuniacha.

Ikaja Jumamosi. Mama alikuwa barazani anasahihisha madaftari ya watoto, baba ameketi ng'ambo ya meza anasoma gazeti. Ikanguruma kwa mbali sana, mimi mwenyewe niliisikia kwa shida. Mama, bila kuinua macho kwenye madaftari, akanyoosha mguu chini ya meza akamgusa baba mguuni. Baba akaweka gazeti, akatazama saa. Mama akaelekeza kidevu upande ilikotokea. Baba akainuka akaenda kuandika. Walifanya kama watu wanaopeana chumvi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeona yote. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaanza upya, safari hii nikizipanga ngurumo za mchana kwa siku za juma. Mbingu hazina kalenda, jamani. Hazijui Jumatatu. Lakini mbele yangu Jumamosi na Jumapili zilinyooka kama rula, na Jumatatu mpaka Ijumaa zikashuka kama ngazi. Nikatoa miezi ya likizo za shule nikaichora peke yake. Ikanyooka nayo. Mbingu gani hizo zinazofuata ratiba ya shule za msingi?

Nililia. Sioni haya kusema. Misitu haikuwa na kosa lolote. Baba yangu alikuwa amekuwa kiziwi, polepole, mbele ya macho yetu, nasi tukamfanya kichekesho. Na kilichoushikilia ule mstari wa usiku usianguke hakikuwa ardhi wala hewa. Alikuwa mama, kitandani, anamwamsha.

Nilimfuata jikoni nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kidogo tu. "Nilijua wewe ndiye utakayeona," akasema. "Wengine wote niliwaweza."

"Tangu lini, mama?"

"Nitajuaje? Haikuja siku moja. Zilianza kumkimbia za mbali. Halafu ndege. Halafu wewe ukiwa unaimba."

"Lakini mama, mmedanganya."

Weee! Mwiko ulitoka kwenye sufuria ukanielekea puani. "Nani amedanganya? Ngurumo ilikuwepo au haikuwepo? Ilikuwepo. Mimi nilimwambia tu kwamba imefika. Na nilipokuwa shuleni hakuandika, kwa kuwa hakusikia. Hapo uongo uko wapi, msomi?" Nimeketi kwenye mabaraza mengi ya kisomi tangu siku ile, na sijasikia utetezi ulionyooka kuliko huo.

"Na wakijua?"

"Wakijua wanamwondoa, na nyumba hii ni ya kituo, tunaondoka sote. Lakini nyumba si kitu, nyumba zipo. Baba yako ukimtoa kwenye kile kibanda chake, mwanangu, mwaka hautaisha tutakuwa tunamzika." Akarudisha mwiko kwenye sufuria, akanipa mgongo. "Wewe fanya utakavyofanya. Ila usiende kumvua nguo baba yako mbele za watu."

Basi nikakabwa pande zote. Nikikitoa kituo cha baba, tasnifu inaanguka yote. Nikinyamaza, nitapewa shahada ya uongo kwa hesabu ninazojua si za kweli, na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha nisisome ninachotaka. Nikisema ukweli, mkate wake na heshima yake nimevitupa mimi, mtoto aliyenyanyuliwa naye. Nilirudi chuoni nikiwa sili.

Nilimwambia Wastani kwamba ngurumo hazijapungua, nikamtandazia ile mistari. Alitazama muda mrefu, uso ukabadilika rangi. "Umeichinja tasnifu yako mwenyewe," akasema, "tena kwa kisu butu." Kisha akatazama tena, na kwa kuwa alikuwa msomi wa kweli, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Ngurumo zinazoogopa Jumatatu! Binti, hii ni kazi bora kuliko ile. Kuna mtu ndani ya takwimu, tunamwona kwa hesabu tupu! Iandike upya." Nikamwambia nitaiandika, ila kituo nitakiita Kituo cha Saba na msikilizaji simtaji. Kicheko kikamwisha. "Mtahini atakuuliza ana nini huyo msikilizaji. Usipojibu, una mistari miwili na hadithi."

"Sitajibu, mwalimu."

Alinitazama kwa makini. Nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. "Kwa wastani," akasema taratibu, "utafeli."

Nikaandika nyumbani kuwaomba wasijisumbue kuja, ukumbi ni mdogo, safari ni ndefu. Mama akajibu kwamba baba ameshapiga pasi koti.

Siku ya utetezi walifika mapema kuliko wafagiaji. Ukumbi ulikuwa na viti vya mbao vinavyolia ukijitikisa, na feni moja juu inayozunguka kwa uvivu. Baba aliketi mstari wa mbele kabisa, katikati. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila mkutano, kila sherehe ya shule yangu, aliketi mbele katikati, na mimi nilikuwa najidai kwamba baba yangu anajiona. Kumbe alikuwa anatafuta midomo ya watu. Mama alikuwa kando yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Mtahini wa nje alikuwa afisa mkuu wa hali ya hewa, mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Nikaeleza kazi yangu. Nikaweka michoro ukutani mmoja baada ya mwingine: mwisho wa juma, siku za kazi, likizo za shule. Sikuthubutu kutazama mstari wa mbele.

Afisa akauliza lile swali. "Binti, umetuonyesha kwamba tatizo ni msikilizaji. Sawa. Ana nini?"

"Takwimu zinaonyesha athari, mheshimiwa. Chanzo chake sikukichunguza."

"Hukukichunguza! Basi nikusaidie." Akawageukia watu. "Mimi nawajua wapimaji wangu. Huyu bwana siku za kazi hayupo kituoni. Yuko kwenye mambo yake. Na kwa kuwa anaonekana kufuata ratiba ya shule, huenda anawauzia watoto karanga." Ukumbi ukaangua kicheko. "Huu ni utoro, si takwimu. Nipe namba halisi ya kituo nikashughulike naye, nawe utapata alama zako."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijipanga kwa kufeli, nikawa tayari. Sikujipanga kwa baba yangu kuitwa mtoro mbele yake mwenyewe, yeye ambaye hakwenda hata kwenye harusi ya nduguye kwa sababu saa ya vipimo ilikuwa imekaribia. Nikinyamaza, ni mtoro. Nikisema, ni kiziwi. Nilishusha fimbo ya kuonyeshea, nikamtazama baba.

Baba hakuwa ametazama watu wakicheka. Alikuwa anatazama ukuta. Midomo yake ilikuwa inakwenda taratibu, alivyofanya siku zote mbele ya zebaki. Akatazama siku za kazi, jinsi zilivyoshuka. Akatazama likizo za shule. Kisha akageuka akamtazama mama, na mama akainamisha macho. Ndipo nilipojua jambo lililoniuma kuliko yote: hakuwa anajua. Alijua masikio yake yamechoka, ndiyo, lakini alidhani ule mguu chini ya meza umetosha. Hakujua ameshuka kiasi kile.

Akasimama. Alisema kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejisikia.

"Nimekuona ukisema sipo. Kituo hicho ni changu, nami nilikuwepo. Siku zote nilikuwepo. Hesabu za binti yangu ni sahihi. Masikio ndiyo mabovu."

Hata viti viliacha kulia. Yule afisa alivua miwani, akainuka, na nitamheshimu kwa hilo mpaka kufa kwangu, alimwomba radhi akiwa amemkabili uso kwa uso, polepole, neno kwa neno, ili asomeke. Baba akaitikia kwa kichwa akaketi. Nilifaulu. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Wastani nyuma kule, aliyekuwa analia, na safari hii si kwa wastani.

Walimstaafisha kwa heshima zote, kwa barua nzuri na mkono wa afisa mwenyewe. Lakini walimstaafisha. Wakahamia nyumba ya kupanga mjini, kwenye barabara ya mafundi cherehani, ambako kelele ilikuwa kutwa nzima na yeye peke yake hakusumbuliwa nayo. Kilimani wakampeleka kijana mwenye masikio mapya. Mwaka uliofuata ngurumo za kituo kile zikapanda ghafla, na gazeti moja likaandika kwamba hali ya hewa imeharibika. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Mama alikosea kuhusu mwaka. Baba aliishi miaka mingi, alikonda kidogo, akajifunza kubishana na mafundi cherehani kwa ishara. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha nilipowatembelea nikamkuta ameketi uani, peke yake, uso ameuinua. Mawingu yalikuwa yamejaa. Nikaketi mbele yake, mahali ambapo angeuona mdomo wangu.

"Desimali," akasema. "Zilizonipita ni ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa hiyohiyo, makadirio ya ngurumo ambazo zilikuwepo na hazikuandikwa. Nilitaka nipunguze, nitaje nusu, nitaje robo. Lakini mtu anayesoma midomo hummung'unyii maneno. Nikamtajia.

Sikujua nitazame wapi. Kisha akaingia ndani, akarudi na kalamu yake na karatasi, akaketi, akafungua kifuniko cha kalamu, akanitazama mdomoni kama mwanafunzi.

"Haya. Nitajie siku zenyewe. Tutawapelekea wazijaze."

"Siku zenyewe sizijui, baba."

"Si umesema umezihesabu?"

"Nimehesabu ni ngapi. Ni zipi, hesabu haijui. Hakuna anayejua."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Akaielewa. Niliiona ikimwingia. Ngurumo zote zile zilikuwa zimepita juu ya kichwa chake, yeye akiwa pale pale, na hakuna mtu atakayezirudisha mahali pake. Nilimshika mkono nikasema nisamehe, sijui nilikuwa naomba msamaha wa nini. Akautoa mkono taratibu, akafunga kalamu.

"Basi bado hujasoma," akasema. "Rudi chuoni."

Nilirudi. Nimekaa huko maisha yangu yote, nimeandika vitabu, nimefundisha watoto wa watu ambao leo ni maprofesa, na juzi nimekabidhi ofisi bila kumpatia hata tarehe moja.